Mama, kwani sisi ni Warundi?

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie mahari, maana barua zenu kuhusu hilo zimejaa mezani kwangu, lakini naomba mniwie radhi tulisogeze mbele kidogo. Kuna jambo limetokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na nimeona si vizuri kila mwezi kuwachambua ninyi wakati ya kwangu nayafunika na kawa.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Ngara kutibiwa macho, akafikia kwetu Tabata. Jumapili moja jioni alikuwa sebuleni anaongea kwenye simu na mdogo wake aliyebaki kijijini. Si unajua wazee na simu, anaongea kwa sauti utadhani Ngara iko mbali kwa hiyo lazima apaze. Anaongea Kihangaza, anacheka, anapiga mapaja. Binti yetu wa miaka mitano yuko chini anachezea mfuniko wa sufuria. Simu ilipokatika, mtoto akanitazama usoni akauliza, "Mama, kwani sisi ni Warundi?"

Nikacheka. Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema mtoto wa jirani kamwambia bibi yako ni Mrundi, anaongea Kirundi, tena hata kulala anasema "kurara". Baba yake naye akacheka. Mama hakucheka. Alichukua simu yake, akaiweka kwenye mfuko wa kanga, akaingia chumbani. Kuanzia siku hiyo akawa akipigiwa anatoka nje kwenda kuongelea karibu na tenki la maji.

Usiku mwenzangu akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwambie mama awe anaongelea chumbani, watu wasije wakaelewa vibaya." Hakuwa na nia mbaya, hilo naliapia. Ni mwanaume mwema na anampenda mama mkwe wake kuliko wengi ninaowafahamu. Lakini jamani, niliwaka! Nilisema maneno ambayo nisingependa kuyaandika hapa, naye akajibu moja mbili, na baada ya hapo siku tatu nyumba yetu ikawa ya taarifa za lazima tu: gesi imekwisha, luku imebaki yuniti nne, mtoto kesho anahitaji kalamu za rangi.

Labda unajiuliza, ugomvi wote huo wa nini? Kuitwa Mrundi ni tusi? Hapana, si tusi. Warundi ni majirani zetu na wengine ni ndugu zetu wa damu. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Ngara neno hilo lina uzito wake, na ili unielewe inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Nivumilie.

Ngara ni wilaya ya pembeni kabisa mwa Mkoa wa Kagera, pale ambapo Tanzania inakutana na Rwanda na Burundi. Ukiwa Rusumo, ng'ambo ya mto Kagera ni Rwanda. Ukiwa Kabanga, hatua chache tu uko Burundi. Wenyeji wakubwa ni Wahangaza na Washubi, na Kihangaza kinafanana na Kirundi kiasi kwamba Mhangaza na Mrundi wanaweza kukaa kwenye pombe ya ndizi kutwa nzima bila kuhitaji mkalimani. Hilo halikuletwa na uhamiaji. Eneo la Bugufi, ambalo ndiko kwao mama, zamani lilikuwa chini ya wafalme wa Burundi. Walipokuja Wajerumani wakatuweka wote kwenye koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mbelgiji akachukua Ruanda-Urundi, Mwingereza akachukua Tanganyika, na Bugufi ikabaki upande huu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mwami Mwambutsa wa Urundi alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa akitaka Bugufi irudishwe kwake. Haikurudishwa. Kwa hiyo babu zangu hawakuvuka mpaka wowote kuja Tanzania. Mpaka ndio uliwavuka wao.

Sasa hapo ndipo zilipoingia sera. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba mkoloni alituaminisha kuwa hatuna utamaduni wa kujivunia, na wasomi wetu wakajua kucheza dansi za kizungu kuliko ngoma za kwao. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, ikaja Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikashika shule zote za msingi za serikali, na mwaka huohuo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA. Tena sensa ya 1967 ndiyo ilikuwa ya mwisho kuuliza watu makabila yao. Tangu hapo zimepita sensa tano, ya mwisho 2022, hakuna karani aliyemuuliza Mtanzania ni kabila gani. Hata kitambulisho cha taifa ulichonacho kwenye pochi, kigeuze uone, hakina mstari wa kabila.

Marehemu baba alikuwa zao la sera hizo. Kijana wa Kihangaza, kasoma kwa Kiswahili, kawa mwalimu, akapangiwa kazi Tanga, huko alikokuwa haelewi hata bei ya samaki. Sisi watoto tumezaliwa huko, tumecheza na Wasambaa, Wadigo, Wazigua na Wapemba, na hatukuwa na lugha nyingine ya kutukanana zaidi ya Kiswahili. Nyumbani baba na mama waliongea Kihangaza wao kwa wao, usiku, au kama kuna jambo la hela. Kwetu sisi ilikuwa Kiswahili tu. Nilipokuwa chuo nasomea mawasiliano ya umma ndipo nilipomuuliza baba kwa nini hakutufundisha. Akaniambia, "Nilitaka msije mkaulizwa maswali."

Na kweli sikuulizwa. Nimekutana na mume wangu, Mpare wa Same, kwenye semina ya kikazi Morogoro. Barua ya posa ilipopelekwa hakuna aliyesema eti huyu si wa kwetu, isipokuwa shangazi mmoja, naye alichouliza ni kama kweli Wapare ni wabahili kama wanavyosemwa. (Jibu nimeshalipata, ila si la kuandika gazetini.) Mpenzi msomaji, mimi na mwenzangu tumeoana kwa lugha iliyochaguliwa na serikali. Tumetongozana kwa Kiswahili, tumegombana kwa Kiswahili, tumeombana msamaha kwa Kiswahili. Pasingekuwa na 1967, sidhani kama pangekuwa na binti wa kuniuliza yeye ni nani. Kwa hiyo usitegemee nikilaani Kiswahili hapa. Siwezi.

Lakini lile tenki la maji lilikuwa linaniuma.

Basi, mama alipopona macho tukaamua tumsindikize, sote watatu, tukale sikukuu ya Krismasi Ngara. Safari ya basi Dar mpaka Ngara unaijua mwenyewe kama umewahi kuipanda, viuno hadi leo vinadai fidia. Zamani tukiwa wadogo mabasi yalikuwa yakifika msitu wa Biharamulo yanasubiriana ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Mama alikuwa anatuambia tulale tusitazame dirishani. Safari hii tulishuka Biharamulo mjini tukalala, na asubuhi nikamchukua mwenzangu kwenda kuiona boma ya Wajerumani, lile jengo la mawe na kuta nene lililobaki tangu enzi zao. Nikamwambia, unajua Mjerumani ndiye aliyefikisha Kiswahili cha ofisini huku bara? Makarani wake, maakida wake na askari wake walitumia Kiswahili. Mwingereza akaendeleza, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi tulipopata uhuru hatukuanza na karatasi nyeupe. Tulichukua chombo cha bwana tukakifanya cha nyumbani. Mwenzangu akasikiliza, akapiga picha, akasema, "Kwa hiyo hata hiki tunachogombania si cha kwetu." Nikamwambia kimekuwa cha kwetu. Hapo ndipo kidogo tulianza kuongea tena kama watu.

Ngara ilitupokea na mvua, ukungu na migomba. Mama mdogo alipotuona alilia, akacheka, akamnyanyua mtoto, akaanza kumsemesha Kihangaza mfululizo. Mtoto kimya, kashika sketi yangu. Bibi yangu mzaa mama bado yupo, miaka yake inakaribia tisini na Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni. Alimkalisha mtoto kwenye mkeka, akamuuliza jambo. Kimya. Akamuuliza tena, taratibu, kama unavyomuuliza mtu anayesikia kwa shida. Kimya. Akageuka akamuuliza mama kitu, na watu wote pale uani wakatazama chini. Mimi Kihangaza naelewa nusu, na hiyo nusu ilinitosha. Mwenzangu akaninong'oneza, "Anasemaje?" Nikamwambia baadaye. Akasisitiza. Basi nikamwambia. Bibi alikuwa ameuliza kama mtoto wetu ni bubu.

Sijawahi kumwona mume wangu amekaa vile. Aliweka kikombe chini na hakukishika tena.

Usiku mama mdogo akatuhadithia mengi. Kwamba yeye alipokuwa shule ya msingi, ukikamatwa unaongea kilugha unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako naye umvishe. Anasema mchezo ule uliwafundisha Kiswahili haraka, na uliwafundisha pia kusikilizana kwa nia ya kukamatana. Halafu akatueleza ya 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda, ndani ya kama saa ishirini na nne hivi. Hebu fikiria, robo milioni ya watu kwa siku moja! Benaco pakageuka mji wa maturubai. Wenyeji wakaokoa watu, wakauza ndizi, wakapoteza miti yote ya kuni, wakaibiwa, wakaoana nao pia. Na wale wakimbizi walikuwa wanaongea lugha ambayo Mhangaza anaisikia bila shida. Mwaka 1995 ikaanzishwa Radio Kwizera pale Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ikatangaza kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, hata Kifaransa. Mama mdogo anasema mara ya kwanza aliposikia maneno karibu sawa na yake yanatoka redioni alisimama katikati ya shamba la maharage. Kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, lugha za makabila hazina nafasi. Kwa hiyo ili lugha kama ya mama mdogo isikike hewani, ilibidi kwanza iwe lugha ya mkimbizi.

Na hapo nadhani ndipo ilipoanza ile kitu ya watu wa mpakani kuonekana wageni kwa sababu ya ulimi wao. Septemba 2013, serikali ilipoendesha Operesheni Kimbunga Kagera, Kigoma na Geita kuondoa wahamiaji haramu, maelfu ya watu waliondoka, na wengine walikuwa wameishi nchini miongo mingi. Mjomba wangu yeye ni Mtanzania wa kuzaliwa, baba wa Mtanzania wa kuzaliwa. Lakini tangu mwaka ule anatembea na cheti chake cha darasa la saba ndani ya mfuko wa nailoni, mfukoni mwa shati. Alitutolea tukakiona. Kimechakaa kwenye mikunjo, kimeunganishwa na gundi ya karatasi. Nikamuuliza kama kuna siku kiliwahi kuhitajika. Akasema hapana, ila nacho analala vizuri. Mama mwenyewe, alipokwenda kwenye ofisi moja kufuatilia kitambulisho, aliambiwa aongee kidogo wamsikie. Mama wa miaka sitini na kitu! Mke wa mwalimu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, anaambiwa aongee wamsikie. Hilo alikuwa hajawahi kuniambia. Aliniambia usiku ule, baada ya mkwe wake kwenda kulala.

Ndipo nikalielewa lile tenki la maji.

Wapo wanaosema dawa ni kila mtu arudi kwenye lugha ya kabila lake na serikali iache kutubana. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na sababu inaonekana kutoka kwenye kilima cha kwetu. Ng'ambo kule Rwanda watu karibu wote wanaongea Kinyarwanda. Burundi ni Kirundi. Lugha moja, misemo ileile, na bado Burundi iliwaka 1993 na Rwanda 1994. Kwa hiyo lugha moja peke yake haijengi taifa. Rwanda vitambulisho viliandikwa kabila tangu enzi za Mbelgiji, miaka ya 1930, na mwaka 1994 vilitumika kujua nani afe. Baada ya hapo vikaondolewa. Sisi tuna lugha zaidi ya 120 na hatujafika huko. Nadhani kilichotusaidia si Kiswahili tu, ni kule kuamua kwamba kabila la mtu lisiandikwe wala lisiulizwe. Shida ni kwamba kutoulizwa kwa muda mrefu, kwa watu wengine, kumegeuka kuwa kutotakiwa kusikika. Mpare akiongea Kipare kwenye daladala watu watamtania bei ya kitu. Mhangaza akiongea Kihangaza kwenye daladala hiyohiyo ataulizwa ametokea wapi.

Na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inasemaje? Inasema wananchi wahimizwe kujivunia lugha zao za jamii, na kwamba lugha hizo zitumike kama hazina ya kukikuza Kiswahili, watu waziandike na kuzihifadhi. Maneno mazuri. Ila hazina ambayo haina kipindi redioni, haina daftari shuleni, na mwenye nayo anaongelea nyuma ya tenki, itakuza nini?

Wakati wa kurudi, pale Nyakanazi tukisubiri basi, mwenzangu akaanza mwenyewe. Akasema, "Unajua hata mimi Kipare sijui? Mama akiwa na dada zake wanaongea, mimi nacheka wanapocheka." Nimeishi naye miaka saba sikujua hilo. Nilidhani anakijua ila hapendi. Akasema siku baba yake alipofariki wazee walizungumza kwa Kipare karibu saa nzima juu ya kaburi, yeye mtoto wa kwanza akawa anatikisa kichwa tu. Sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono, tukanunua mahindi ya kuchoma.

Usidhani tumemaliza. Tuliporudi Dar ugomvi ulihamia kwenye shule. Yeye anataka mtoto aende shule ya mchepuo wa Kiingereza, tena ikiwezekana yenye Kichina. Mimi nasema mtoto wa miaka mitano kichwa chake si stoo. Yeye ananikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilifaulu kidato cha nne kwa Kiingereza cha kukariri, na ni kweli, maana tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 sekondari zihamie kwenye Kiswahili, ushauri ukawekwa kabatini, na mimi nikawa mmoja wa waliokariri. Hapo kila mmoja ana pointi yake, na wiki nyingine anashinda yeye.

Tulichokubaliana ni kidogo tu. Kila Jumapili saa moja jioni tunampigia bibi Ngara, spika wazi, sebuleni, dirisha wazi, na hakuna anayeshusha sauti. Mtoto lazima aseme walau kitu kimoja kwa Kihangaza. Jumamosi ni zamu ya bibi wa Same. Baba mtu naye analazimika kujifunza, na nawaambieni hakuna kitu kitamu kama kumsikia mumeo anayejua kila kitu anakosolewa matamshi na mama yake mzazi.

Wiki iliyopita shule tuliyoichagua (sisemi nani alishinda) ilitutumia fomu. Kuna sehemu inauliza lugha ya nyumbani, mstari mmoja mfupi. Mwenzangu ndiye aliyeijaza. Akaandika Kiswahili, Kihangaza na Kipare, akabanabana herufi hadi zikaingia kwenye pambizo. Juzi mwalimu akanipigia, akasema mama, mfumo unapokea lugha moja tu, niandike ipi? Nikamwambia nitamjibu kesho.

Mpaka nakwenda mitamboni sijampigia. Kama na kwenu hili lipo, niandikieni mmeandika ipi.